Ncha Mbili za Fimbo ya Mpera

Nimestaafu tangu Ijumaa iliyopita, na tayari nimelizunguka boma langu mara nyingi mpaka kuku wananikimbia. Edina, mke wangu, amenipa daftari na kalamu akaniambia niketi mahali pamoja niandike, la sivyo atanirudisha kazini yeye mwenyewe. Basi naandika. Nawaandikia nyinyi vijana mlioachiwa ukumbi wa jamii hapa Kakamega, pamoja na madirisha yake yanayokwama wakati wa mvua na yale magodoro ya magunia ambayo nimewaona mkiyasukuma kwa mguu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mkitaka hayo, faili langu liko ofisini, na ni jembamba.

Nilianza kazi ya kutunza ukumbi mwaka uliofuata uhuru. Siku ya kwanza nilipewa funguo kumi na moja na milango mitano. Nilitumia asubuhi nzima kutafuta zile funguo sita zilikuwa za nini, na mpaka leo sijui. Kila mtu aliutaka ukumbi siku hizo: wa kwaya, wa harusi, wa masomo ya watu wazima, wa mikutano ambayo ajenda yake ilikuwa ni kupanga mkutano mwingine. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango, nacho nilikikalia kidogo sana. Tangu utotoni miguu yangu haijui kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa njiani kwenda mahali.

Mwalimu Ogata alifika siku moja saa kumi alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Alikuwa Mjapani mfupi wa umri wa makamo, aliyeletwa kufundisha mafundi wa pampu za maji. Akavua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale, akaikanyaga saruji kwa kisigino sehemu mbalimbali, kisha akasema kwa Kiswahili alichokitoa kitabuni, kisafi kuliko changu, "Naomba ukumbi huu Jumanne na Alhamisi."

Nikamuuliza ni wa kazi gani.

"Nishike mkono," akasema.

Nikamshika kifundo cha mkono, nikiwa na nguvu zangu zote za ujana. Sijui alifanya nini. Alichofanya kilikuwa kidogo, na mimi nikajikuta chini nikitazama mabati ya paa. Sikuumia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaniinua na kuniuliza jina.

"Ayako."

Akanitazama, akacheka mpaka akajishika tumbo. "Kwetu Ayako ni jina la kike. Ni jina la dada yangu."

Habari hiyo ilifika sokoni kabla sijafunga madirisha, na kwa miezi kadhaa watu wazima na akili zao waliniita dada. Lakini Jumanne nilikuwa wa kwanza kuvua viatu. Nilitaka kujua jinsi nilivyoangushwa.

Mchezo wenyewe unaitwa aikido. Wengi walikuja wakidhani watafundishwa kupiga, wakaondoka. Miezi mitatu ya mwanzo tulifundishwa kuanguka tu, na Wakakamega hawakuona sababu ya kwenda ukumbini kujifunza jambo wanaloweza kulifanya bure barabarani wakati wa mvua. Mwalimu alisema aikido haipigani na nguvu ya mtu. Inaipokea, inaizungusha, inaipeleka isikoweza kudhuru. Kwa mtu asiyetulia kama mimi, hayo yalikuwa maneno magumu. Mimi nilitaka kufika mwisho wa kila kitu kabla ya kukianza.

Saruji ilitutoa ngozi, kwa hiyo tukatengeneza magodoro. Fundi cherehani mmoja, Alusa, mwanafunzi mwenzangu na mtu mwenye maneno, alishona magunia mawili mawili pamoja. Tuliyajaza maganda makavu ya mahindi yaliyoletwa kwa lori kutoka Likuyani, tukayafunika kwa turubai. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Maganda lazima yapepetwe, kwa maana punje moja ikibaki ndani, panya watakuja na jamaa zao wote. Na lazima yaanikwe asubuhi na kuingizwa ndani kabla ya saa nane, kwa sababu mvua ya Kakamega haibishi hodi. Aliyesahau mara moja alilala na harufu ya ukungu puani mwezi mzima, na huyo alikuwa mimi.

Fimbo nazo tulizichonga sisi wenyewe kwa mti wa mpera, ule ule wa mipini ya majembe. Unakata mti ulionyooka wakati wa kiangazi, unauweka juu ya meko upigwe moshi kwa miezi, unaukwangua kwa kipande cha chupa, kisha unaupaka samli. Fimbo ifike kifuani mwa mwenye nayo. Ya kwangu ilifika puani kwa sababu nilikata kwa haraka, na wote walinicheka.

Sasa nifike kwa Mama Edina. Alikuwa mjane aliyehamia mjini na ng'ombe wawili, akiuza maziwa nyumba kwa nyumba. Tangu usichana alikuwa amekamua ng'ombe kwenye shamba la mlowezi kule Lugari. Siku moja alimletea Mwalimu maziwa ukumbini, akasimama mlangoni na kopo lake akitutazama tukivutana na kutoka jasho.

"Nyinyi mnakamatanga mtu kama mwizi," akasema. "Ng'ombe ukimkamata hivyo atakumwagia maziwa yote."

Mwalimu akamwita, akampa mkono amshike. Akaushika. Mwalimu akatugeukia. "Njooni wote. Huku ndiko kushika."

Nami niliushika mkono huo baadaye mamia ya mara, kwa hiyo najua alichokisikia. Haukubana wala haukulegea. Ukisogea, nao unasogea. Ukitulia, nao upo. Ukijaribu kumdanganya, alishajua kabla yako. Alikuwa mwanamke pekee darasani, na hakuna aliyethubutu kumtania, kwa sababu Alusa alijaribu mara moja tu na akatua nje ya godoro.

Mwalimu alitufanya jozi, mimi na yeye. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, alitugawia mbinu. Za kusimama alinikabidhi mimi, za kupiga magoti akamkabidhi Mama Edina, na katika kila mbinu mmoja alikuwa wa kushika na mwingine wa kuzungusha. Tulizipa majina yetu: Kufunga Lango, Kumwaga Maji, Kurudisha Mgeni. Nilimwomba atuandikie kitabu. Akakataa.

"Kitabu hakishiki mkono," alisema. "Nimewapa nyinyi wawili. Mmoja hatoshi."

Akapanda basi na sanduku lake dogo. Nilisimama stendi mpaka vumbi likatulia, na nitasema wazi kwamba nililia. Mwaka mzima baada ya hapo tuliendelea Jumanne na Alhamisi, mimi na Mama Edina mbele, wengine wakitufuata. Niliamini mbinu zimesalimika.

Kisha Edina akaja. Alikuwa amelelewa na nyanya yake huko Khwisero, akasoma huko huko, na alipomaliza akaja kumsaidia mama yake kazi ya maziwa. Miaka yote nilikuwa nikitamka jina lake kila Jumanne, Mama Edina hiki, Mama Edina kile, bila kujiuliza Edina mwenyewe ni nani. Nilipomwona nilijiuliza sana. Haikupita miezi sita nikapeleka wazee kuposa.

Kabla wazee hawajaenda, Mama Edina aliniita pembeni, magodoro yakiwa yameshapangwa.

"Ayako, umefikiria hii maneno?"

"Nimefikiria, mama."

"Umefikiria yote?"

"Yote."

Nilikuwa sijafikiria kitu. Kwetu Waluhya, mwanamume na mavyala, yaani mama wa mke wake, hawashikani mikono. Hawaketi karibu, hawatazamani usoni, na neno lao hupitia kwa mtu mwingine. Huo si uadui. Ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja huhesabiwa kuwa amemvua nguo mzazi. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini kichwa changu chenye haraka kilijiambia kwamba ukumbi ni mahali pa peke yake, kwamba mambo hayo tutayavua mlangoni pamoja na viatu.

Jumanne ya kwanza baada ya mahari kupelekwa, nilisimama katikati ya magodoro nikanyoosha mkono wangu wa kulia, kama nilivyofanya kila Jumanne. Mama Edina akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Darasa zima likaona. Mkono wangu ulibaki hewani, na sikujua niupeleke wapi. Yeye akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuza uso kuelekea dirishani.

"Mwambieni Ayako aendelee na Alusa," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwalimu alikuwa amekiweka kitu kimoja ndani ya watu wawili, nami nilikuwa nimejenga ukuta katikati yao kwa mikono yangu mwenyewe, na ng'ombe nikatoa.

Tulijaribu. Mama Edina alikaa ukutani, Alusa akawa mdomo wake. "Mavyala wako anasema kiwiko yako iko juu." "Mavyala wako anasema unakimbia, nani anakufukuza?" Alusa aliyafurahia maneno hayo kuliko ilivyohitajika. Lakini alinishika kama anayeshika kitambaa asikikunje, na wengine walinishika kama ndoo. Mbinu zikaanza kunywea. Zikawa kama ngoma ya shule, kila mtu anajua pa kukanyaga na hakuna anayejua kwa nini. Watu wakapungua. Mwishoni tulibaki saba.

Asubuhi moja nilikuwa nikifagia, nikajaribu Kurudisha Mgeni peke yangu, na sikukumbuka kama mguu hutangulia au mkono. Nikarudia. Nikarudia tena. Haikuwepo. Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaacha ufagio sakafuni, nikatoka nikatembea, na nilipokuja kuangalia nilikuwa nimeshapita mji. Jioni Edina alinitazama nikiingia na kutoka, nikiingia na kutoka.

"Wewe ulinioanga mimi au ulioa mama?" akaniuliza.

Sikuijutia ndoa yangu hata siku moja, na nataka hilo lieleweke. Lakini nilikuwa na deni kwa mtu aliyekuwa mbali, na sikujua namna ya kulilipa bila kumdhalilisha aliyekuwa karibu.

Mvua ndiyo iliyotusaidia. Ilikuwa Alhamisi, magodoro yakiwa nje juani, na saa saba tu mbingu ikafunga. Nilitoka mbio. Wengine walikuwa bado hawajafika, ila Mama Edina, aliyekuwa akipita na makopo yake. Godoro moja halibebwi na mtu mmoja. Lina vitanzi pembeni, na njia ya kulibeba ni kupitisha fimbo kwenye vitanzi, mmoja ashike ncha hii na mwingine ile. Akaweka makopo chini bila kuniangalia. Akashika ncha yake, nami nikashika yangu.

Tulipoinua, nikasikia mkono wake. Ulikuja kupitia kwenye mti. Nilipolemea kushoto, ulinijua. Nilipotaka kukimbia, ulinirudisha. Nikasimama. Naye akasimama, mgongo wake kwangu, matone makubwa yakianza kutupiga.

"Inasikika," akasema. Hakuniambia mimi, aliuambia uwanja.

Magodoro mawili yalilowa siku hiyo na sikujali. Jumanne iliyofuata alikuja na fimbo yangu, ile ndefu iliyokosewa, akasimama kwenye ncha moja akitazama dirisha. "Mwambieni Ayako fimbo si mkono," akawaambia kina Alusa. Tukaanza upya, mbinu moja baada ya nyingine, fimbo katikati yetu. Urefu wake niliokuwa nikichekwa nao ukawa ndio heshima yenyewe, maana ulimweka mbali nami kama inavyotakiwa. Haikuwa rahisi. Fimbo haina kifundo wala ngozi, na mambo mengine hayakupita. Tuliweka sharti moja, kwamba tusichokikumbuka hatutakitunga. Nyingi zilirudi. Kurudisha Mgeni haikurudi.

Tulikuwa tumefanya hivyo miaka kadhaa barua ilipofika. Mwalimu Ogata alikuwa akipita Kenya kwa safari nyingine, na angefika Kakamega kwa siku moja. Sitaieleza wiki hiyo. Niliosha madirisha ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Nilihesabu magodoro yasiyoongezeka wala kupungua. Edina aliniondolea chai, akisema nimekunywa ya kutosha ukoo mzima.

Alikuja nywele zikiwa zimeingia mvi. Akavua viatu, akaikanyaga turubai kwa kisigino, akaketi kwa magoti kando. Tukamwonyesha yote tuliyokuwa nayo, Mama Edina ncha hii, mimi ncha ile. Tulipomaliza akainuka, akaja, akaishika fimbo katikati na kuivuta aiondoe.

"Hapana, Mwalimu," akasema Mama Edina.

Hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Mama Edina akainama kwa adabu, lakini hakuachia ncha yake. "Huyu ni mkwe wangu."

Alusa akamweleza, kwa ufupi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Nimeipoteza moja, Mwalimu. Kurudisha Mgeni. Kosa ni langu, si la mama."

Akaiomba fimbo kwa ishara, tukamwachia, akaiweka chini. Akasimama katikati yetu, akamnyooshea Mama Edina mkono wa kushoto na mimi wa kulia. "Nishikeni," akasema. Akafumba macho. "Mama, shika kama ng'ombe. Ayako, mrudishe mgeni."

Nikamwambia sikumbuki.

"Sikukuuliza kama unakumbuka."

Mama Edina akashika. Kutoka upande wa pili wa mtu huyo mfupi, kupitia bega na kifua chake, ule mkono ukanifikia, ule ule wa zamani, usiobana wala kulegea. Mguu wangu ukatangulia. Mkono ukafuata. Mwalimu akazunguka katikati yetu, na Mama Edina akaenda chini taratibu upande wa pili, akaviringika, akasimama. Mimi sikuona vizuri kwa sababu ya machozi.

Mwalimu akafumbua macho. "Haijapotea," akasema. Kisha akanipiga kidogo chini ya mkono. "Lakini kiwiko chako kiko juu."

"Mwambieni Ayako," Mama Edina akasema dirishani, "mimi nimesemanga hivyo miaka yote."

Mwalimu alikunywa vikombe vitatu vya chai, akaenda kutafuta basi lake. Hatukuonana tena. Fimbo alituachia katikati yetu kama alivyoikuta, na mbinu zote mnazoziona mkifagia Jumanne na Alhamisi zimepita ndani yake.

Nimalizie na Ijumaa. Mlinipangia sherehe nzuri, nami nashukuru, hata kwa ile hotuba ya ofisa ambaye hanijui. Mnakumbuka kwamba katikati ya hotuba kiti changu kilikuwa kitupu. Nilikuwa nje. Sikuweza kuketi nikisikiliza nikisifiwa kama marehemu, na pia nilikuwa nikimtafuta Mama Edina, aliyekuwa amechelewa.

Nikamwona anakuja peke yake, mzee sasa, akijikongoja kwa ile fimbo ya mpera, ambayo tulimwachia atembelee miguu ilipoanza kumsumbua. Akafika kwenye ngazi tatu za ukumbi, akasimama. Hazikuwa ngazi za mtu wa miguu yake. Edina alikuwa ndani na sufuria za chai. Alusa, aliyetubebea maneno miaka yote hiyo, tulimzika mwaka juzi. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa amwambie Ayako.

Akatazama ukuta. Nami nikatazama chini. Kisha akainua fimbo, akaninyooshea ncha.

Nikaishika. Tukapanda ngazi ya kwanza. Tukapanda ya pili. Hapo akatulia kidogo, nikadhani amechoka, nikataka kumvuta. Mti ukageuka kidogo tu mkononi mwangu, bega langu likaufuata, na mimi, siku ya kustaafu, na suti mpya, nikajikuta goti moja liko kwenye saruji. Sikuumia hata kidogo.

"Ayako," akasema, bado akitazama ukuta. "Kiwiko yako iko juu."

Nikakishusha.